Sauti Iliyosikika Chini ya Udongo

Sekela alizaliwa Ibighi, nyuma ya kilabu cha pombe. Mama yake alipika komoni, akauza, akalea watoto wake kwa komoni hiyohiyo. Jumapili watu wa kanisani walipopita na vitabu vya nyimbo kwapani, mama huyo alikuwa akicheka na kusema, "Asubuhi wanapita mbele, jioni wanaingia kwa mlango wa uani." Kwa hiyo Sekela alikua akiisikia kengele ya kanisa kama mtu anavyosikia honi ya lori barabarani. Ilikuwa sauti ya safari za wengine.

Hakubatizwa. Alipoolewa na Wilson, fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai, hawakufunga ndoa kanisani. Wilson alipeleka ng'ombe, wazee wakakaa, wakala, mambo yakaisha. Sekela akahamia Matwebe, kwenye mteremko uliojaa migomba na miparachichi, katika mji wa mama mkwe wake, mjane aliyeitwa Tusajigwe.

Mama Tusajigwe alikuwa mzee wa kanisa, na sifa yake ilikuwa kuomba. Mgonjwa akizidiwa, aliitwa yeye kabla ya gari. Aliomba kwa Kinyakyusa, kwa sauti nene kama ya mwanamume, na akianza, chakula kilipoa mezani na hakuna aliyethubutu kukohoa. Hakuwahi kumtukana mkwewe. Alifanya jambo lililouma zaidi: alimwombea, kwa sauti, naye akiwa palepale akimenya ndizi. "Kyala, Mungu wangu, mfungue macho mtoto huyu wa kilabuni." Sekela alikuwa akiuma meno na kuendelea kumenya. Akilalamika kwa Wilson, Wilson alimjibu, "Sasa nimkataze mama kuomba?" Sekela aliishi hivyo miaka mingi, katika nyumba ambayo kila kona ilikuwa na Mungu asiyemjua.

Rungwe mvua si habari. Habari ni jua. Lakini masika ya mwaka ule yalikuwa na neno. Mvua ilinyesha usiku na mchana, migomba ikaanza kuinama yenyewe bila upepo, na juu ya shamba, karibu na miparachichi, ardhi ikachanika ufa ambao mtu angeweza kuingiza mkono. Mwenyekiti wa kijiji alipita na mwavuli wake uliovunjika akiwaambia wa mteremkoni wahame.

"Tuhamie wapi, mwenyekiti?" Mama Tusajigwe alimwuliza. "Chini kuna mto, juu kuna msitu, pembeni kuna chai ya watu. Tuning'inie?"

Mwenyekiti aliitazama miguu yake iliyojaa tope, akasema, "Basi mwombe, mama," akaendelea na nyumba nyingine.

Ilikuwa Jumamosi, baada ya saa sita mchana. Wilson alikuwa kiwandani. Binti yao, Gloria, alikuwa Ibighi kwa bibi yake. Jikoni, kibanda cha fito na udongo kilichokuwa nyuma ya nyumba, Sekela alikuwa anachochea moto na mama mkwe amekaa kwenye kigoda anapepeta maharage. Akaingia Lukasi, kitinda mimba wa mama yule, maji yakimchuruzika. Alikuwa kijana wa maneno mengi, tena ndiye mtu pekee katika mji ule aliyeweza kuwachekesha wote wawili kwa pamoja. Alichomoa ndizi ya moto chunguni, akairusha kutoka mkono hadi mkono.

"Shemeji, hii umeipika au umeichoma?"

"Iache kama huitaki."

"Naila kwa huruma." Akaitia mdomoni. "Mama, zizi limejaa maji. Naenda kumtoa ng'ombe."

Akatoka. Hakupita muda, wakasikia sauti ambayo Sekela hawezi kuieleza hata leo. Si radi. Ilikuwa kama watu wengi wanavuta kitu kizito na kunong'ona. Moto uliinama mafigani, ukuta wa upande wa mlima ukaingia ndani taratibu, kama mgeni, halafu kila kitu kikawa giza.

Alipopata fahamu alikuwa amelala kwa ubavu, mdomo umejaa udongo. Alitema. Akasikia mtu anapumua karibu na sikio lake, akanyoosha mkono, akashika kitambaa cha kichwa.

"Mama?"

"Nipo," mama mkwe akajibu. "Mguu wangu umekaliwa."

Kilichowaokoa ni uchaga wa kuni. Ulianguka ukaegemea mafiga, ukaacha nafasi ndogo chini yake, mfano wa kitanda cha mtoto. Humo ndimo walimokuwa, wawili, uso kwa uso, watu ambao kwa miaka yote hawakuwahi kulala chumba kimoja. Sekela hakuweza kukaa wala kugeuka. Akiinua kichwa aligonga kuni. Akinyoosha miguu alikuta udongo. Majivu yalikuwa bado na joto na maji yalikuwa yanaingia kidogokidogo, yakiyageuza tope chini ya shavu lake. Mahali fulani juu palikuwa na tundu, kwa sababu hewa ilikuja, nyembamba, yenye harufu ya majani yaliyosagika.

Alipiga kelele mpaka koo likakauka. Hakuna aliyejibu. Kisha wakasikia mtu anagonga.

Ilikuwa upande wa zizi. Ko, ko, ko, jiwe juu ya bati.

"Lukasi!" mama alipaza sauti. "Lukasi mwanangu!"

Ko, ko, ko.

Hapo Mama Tusajigwe alianza kuomba. Sekela alikuwa amezisikia sala zake maelfu ya mara, lakini hakuwahi kusikia kama ile. Aliomba kama mtu anayegombana sokoni. Alimkumbusha Mungu kila alichokuwa amemfanyia, wagonjwa aliowakesha, matofali ya kanisa aliyoyabeba kichwani, mume aliyemzika bila kunung'unika. "Sijakuomba mali," alisema. "Nakuomba huyu. Huyu tu." Alipopumzika walisikiliza, na kugonga kulikuwepo. Basi alianza tena. Ikawa hivyo, sala na bati, sala na bati, na Sekela katikati, akihesabu pumzi zake na kuogopa kuzihesabu.

Kugonga kukawa kwa polepole. Kukawa kwa mojamoja. Mama akaongeza sauti, kana kwamba ni sauti yake inayoushika mkono wa kijana. Halafu pakawa kimya.

Wakangoja. Maji yalidondoka. Mahali fulani kuni iliteleza.

"Amechoka," Sekela alisema. "Anapumzika, Mama."

Alimgusa mama mkwe usoni, akakuta macho yako wazi.

"Endelea kuomba, Mama."

"Siwezi."

"Jaribu."

"Nimesema siwezi." Sauti ile nene ilikuwa imebaki kama uzi. "Nilikuwa nasema na ukuta, mama Gloria. Hakuna mtu."

Kama angesema hivyo jana yake, Sekela angecheka moyoni, maana hilo ndilo alilolijua tangu utotoni. Lakini mle ndani maneno hayo yalimwangukia kuliko udongo. Alihisi mwili wa mama ukilegea, pumzi zikichelewa kati ya moja na nyingine, akatambua kwamba mama huyu anajiachia aende. Sekela atabaki peke yake humu, uso kwa uso na maiti, asiweze hata kugeuka.

Alipapasa kwenye chungu kilichopinduka, akapata ndizi, akaisaga kwa vidole na kumtia mdomoni. Mama hakutafuna. Alimpiga kofi la shavuni, dogo, kwa mara ya kwanza katika maisha yao. Hakuna kitu.

Basi akafanya jambo alilokuwa amebakiwa nalo. Shuleni, kwenye mstari wa asubuhi, walikuwa wakisali Sala ya Bwana, naye aliifuata kwa midomo ili mwalimu asimwone. Alianza kwa sauti. Alifika kwenye riziki, akakwama. Akarudi mwanzo, akakwama palepale. Akaona aibu, halafu akaona kichekesho cha kuona aibu mahali kama pale, akaacha ya shule na kusema yake.

"Wewe unayeitwa Kyala," alisema. "Mimi ni Sekela wa kilabuni. Hunijui, na mimi sikujui. Sikuombi kwa ajili yangu, maana sina haki. Huyu mama amekutumikia mpaka magoti yameota sugu. Sasa amenyamaza. Usimhesabie. Nitasema mimi badala yake, mpaka apate sauti yake."

Hakusikia jibu. Hakuona mwanga. Mguu wake uliendelea kufa ganzi na maji yaliendelea kupanda. Lakini aliposema yale, mkono wa mama ulisogea, ukamshika kidole kimoja, ukakiminya. Kwa hiyo akaendelea. Alisema chochote. Alimwambia Mungu habari za Gloria, habari za Wilson anavyokoroma, habari za mama yake wa kilabuni na miguu yake inayovimba. Alimwuliza Lukasi yuko wapi. Alimkasirikia. Alimwomba radhi kwa kumkasirikia. Alipochoka alirudia ya shuleni mpaka kwenye riziki, na alipofika hapo alianza tena. Kulikuwa na saa, katikati ya giza lile, alipohisi kwamba hawakuwa wawili. Hakushikwa wala hakuitwa. Ilikuwa tu kama unapozungumza chumbani ukajua, bila kutazama, kwamba mtu ameingia na amekaa.

Huko juu watu walikuwa wanachimba tangu mchana wa Jumamosi, kwa majembe, kwa sufuria, kwa mikono, na Wilson mbele yao. Walikuwa wamempata jirani yao Ambindwile na mkewe, wote wamekufa. Asubuhi ya Jumapili mlima ulianza tena kunong'ona, na mwenyekiti akaamuru watu wote washuke. Wilson alikataa, wakamkamata mikono. Wakiwa wanamburuta, mwinjilisti Ambilikile, aliyekuwa anashuka wa mwisho kwa sababu alikuwa amepoteza kiatu, alisimama na kuinua kidole.

"Nyamazeni! Mama anaomba!"

Sauti ilitoka chini ya miguu yake, imefifia, ya mwanamke. Nani mwingine angeweza kuwa anaomba? "Mama Tusajigwe yu hai! Anaomba!" Neno hilo lilishuka mteremko kwa vinywa vya watu, na waliokuwa wanakimbia wakageuka na majembe yao. Walipowatoa wanawake wale wawili, umati mzima ulikuwa unaimba, na wimbo ulikuwa wa kumsifu Mungu kwa ajili ya mtumishi wake Tusajigwe.

Katika hospitali ya misheni, Igogwe, mguu wa mama ulikatwa chini ya goti. Lukasi alipatikana baadaye, kando ya ng'ombe, jiwe bado mkononi, akazikwa mama yake akiwa wodini. Na siku zile za matanga wageni walianza kumiminika. Walikuja akina mama wa usharika kwa makundi, na vitenge vyao vya umoja, na ndizi, na maziwa, wakasimama kuzunguka kitanda na kuimba. Walitoka Ibighi, walitoka vijiji ambavyo Sekela hakuvijua. Kila mmoja alitaka kusikia. "Mama, ulisema naye nini mle ndani? Tuambie nasi tupate nguvu."

Mama Tusajigwe aligeuza uso ukutani. Wageni wakadhani ni maumivu, wakatoka wakinyata, wakizidi kumsifu.

Wakati huo Sekela, Wilson na Gloria walikuwa wamepewa pembe ya darasa pamoja na familia nyingine za mteremkoni, kila familia na shuka lake la kujigawanya. Kurudi hakukuwezekana, mlima ulikuwa bado umepasuka. Kwenda mbele hawakujua ni wapi. Sekela alilala kizingitini, maana mlango ukifungwa tu pumzi zilimpotea, na watu walimruka wakienda chooni. Mchana alikwenda wodini. Jioni alirudi darasani. Kote alikokwenda alikutana na hadithi ile ya mama anayeomba chini ya udongo, inakua kila siku, sasa ina malaika na ina mwanga, naye amefungwa mdomo. Akisema kweli, atamvua mama nguo mbele za watu. Akinyamaza, anajiona kama amezikwa mara ya pili.

Lakini aliendelea kuomba. Alikuwa ametoa ahadi, na mama hakuwa amepata sauti yake. Aliomba akifua shuka za mama, akichota uji, akingoja kwenye foleni ya dawa. Siku moja alichoka, akasema basi, sasa tumetoka, inatosha. Kufika jioni alijikuta anamtafuta Mungu kama unavyomtafuta mtu wa nyumbani uliyemnunia.

Wilson alimsikia akinong'ona pale kizingitini. "Unamwomba nani?" alimwuliza kwa uchungu. "Aliyemchukua Lukasi?"

Sekela aliinuka, akakaa. "Sijui kama alimchukua au alimpokea, baba Gloria. Lukasi alikufa anagonga, na mimi sina maelezo. Najua tu kwamba mle ndani hatukuwa wawili."

Wilson alijifunika shuka mpaka kichwani. Sekela alisikia analia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, akaingia ndani akakaa naye mpaka akalala.

Mama alipokaribia kuruhusiwa, mwinjilisti Ambilikile alikuja na habari kwamba usharika umeandaa ibada ya shukrani, na mama atatoa ushuhuda. Alipoondoka, mama alimwita mkwewe akae kitandani.

"Wananivika nguo isiyo yangu," alisema.

"Ivae tu, Mama. Mimi sitasema kitu."

"Najua hutasema. Hapo ndipo panaponibana." Alikuwa anatazama mahali mguu wake ulipoishia. "Nimekuita mtoto wa kilabuni mbele ya Kyala miaka yote. Nilidhani namwambia asichokijua."

Sekela akamrekebishia mto.

"Unaendelea kuniombea?" mama akauliza.

"Naendelea."

"Unaomba vibaya," mama akasema. "Unamwambia mambo ya kukoroma." Wakaangua kicheko wote wawili, kicheko kilichoishia kwenye machozi, mpaka mtawa mmoja akaja kuona kuna nini.

Siku ya ibada kanisa lilijaa hadi nje. Mama aliingia kwa magongo, Sekela nyuma yake. Mchungaji alimkaribisha, watu wakapiga vigelegele. Mama akangoja vikaisha.

"Mimi niliomba nusu," alisema. "Mwanangu alipoacha kugonga, niliacha kuomba. Nilisema hakuna Mungu. Mimi, Tusajigwe, nilisema hivyo. Sauti mliyoisikia ni ya huyu hapa. Msinisifu tena, mnaniumiza."

Mzee mmoja wa kanisa aliinuka akatoka nje, na wapo wanaosema mpaka leo kwamba mama hakupaswa kusema maneno yale madhabahuni. Mwinjilisti Ambilikile aliinama, kwa sababu ndiye aliyekuwa amelipeleka neno lile mteremkoni. Lakini mwanamke mmoja aitwaye Ambwene, dada yake marehemu Ambindwile, aliyekuwa akikaa nyuma tangu msiba bila kufungua kitabu cha nyimbo, alikuja mbele, akamkumbatia mama kwa nguvu mpaka gongo likaanguka. "Na mimi nilisema hivyohivyo," alimwambia sikioni, naye Sekela akasikia. "Nilidhani ni mimi peke yangu."

Ambwene ndiye aliyewapa mahali pa kujenga, kipande cha shamba lake kwenye tambarare, mbali na mlima. Vyumba viwili, bati, jiko la nje lenye milango miwili kwa amri ya Sekela.

Sekela aliingia darasa la ubatizo pamoja na watoto wadogo kuliko Gloria. Alibatizwa mvua ikinyesha. Mhudumu alipokwenda kufunga mlango mkubwa ili watu wasilowe, Sekela alishikwa na hofu pale mbele, akamnong'oneza mchungaji. Mlango ukaachwa wazi. Maji yaliingia yakafika benchi za nyuma, na waliokuwa wamekaa huko waliinua miguu yao, ibada ikaendelea.

Wilson hakubatizwa upya wala hakutangaza kitu. Anakwenda baadhi ya Jumapili, baadhi haendi. Mvua kubwa ikianza, wote huamka, huvaa viatu, hukaa tu wakisikiliza. Hofu hiyo haijawatoka. Na Mama Tusajigwe hajarudi kuombea wagonjwa. Watu wakija kumwita huwaelekeza kwa mkwewe, kisha huchukua magongo yake, akafuatana naye.

"Wewe omba," humwambia njiani. "Mimi naitikia. Ila usiseme mambo ya kukoroma."